Ruzuku ya mbolea ilivyonipa dawa ya kupe wakati sina hata mbuzi

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Endasak, chumvi sijaongeza.

Shamba langu limechoka. Mwaka jana lilinipa mahindi ya kuchoma tu, wanangu wakala ya kununua. Msimu huu ilikuwa lazima mbolea iingie ardhini.

Ruzuku ikaja, nikajisajili, nikaenda kwa wakala nina furaha ya bwana harusi.

Yule mama wakala ni mjanja jamani! Bei elekezi kaibandika ukutani, hajazidisha hata senti. Ila kila mfuko umewekewa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na lazima uilipie.

"Mbolea haitoki peke yake, mwanangu. Inatoka na mwenzake."

"Mama, mimi sina hata mbuzi."

"Utapata."

Wakala mwingine hakuna, ningefanyaje? Nilikuwa na pesa ya mifuko miwili, nikaondoka na mmoja na chupa yake. Punguzo la serikali likabaki kaunta. Niliumia sana.

Nje nikakutana na mzee mfugaji wa kijiji cha Hirbadaw. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye chupa.

"Hiyo ni ya kupe? Ng'ombe zangu zinateseka, na pesa ya dawa sina, dume sijauza bado."

Nikamuuliza atanipa nini. Akasema zizi limejaa samadi, nije na mkokoteni.

Wakuu, nilisomba mpaka punda akaninunia. Majirani nao kila mmoja alikuwa na chupa imelala kabatini. Walielewa haraka kuliko wanavyoelewaga kwenye mkutano wa kijiji, wote wakahamia Hirbadaw.

Mvua zikakaribia, mifuko ya mama imejaa stoo. Akaanza kutupigia simu: "Njoo uchukue mbolea tu, bila chupa, bodaboda nalipa mimi." Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaenda. Shamba lote likapandwa, na leo mahindi yamenifika kifuani.

Nilichojifunza: serikali inapanga bei, lakini faida inakwenda kwa yule ambaye hajabanwa. Sisi tulipokosa pa kwenda, mama alikula. Tulipopata samadi, tukala sisi.

Sasa jana mzee wa Hirbadaw kanipigia. Anasema msimu ujao samadi ni chupa mbili.

Wajuzi wa uchumi, karibuni mnisaidie: hii ruzuku kwa sasa anaila nani?