Wakubwa Husaini Mwisho

Kwa miaka minane niliamini kazi ya wifi yangu ni kunywa chai na watu wenye tai. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua, mikono inanuka dawa kutwa. Yeye, mke wa kaka yangu, hutoka asubuhi na mkoba wa mafaili, na ukimuuliza anafanya nini atakwambia anaratibu ushirikiano wa taasisi. Nilimtania mpaka nikachoka. Nilimwambia hata mimi ningepewa mshahara ule ningeratibu biskuti za vikao.

Ana sifa moja kubwa, na naisema kwa mapenzi: ni bahili wa karatasi. Mihtasari ya vikao ikipitwa na wakati huigeuza, akaandika nyuma yake orodha ya sokoni. Ndiyo maana mkataba ninaotaka kuusimulia aliuchapa nakala moja tu.

Mashine inayopima makohozi na kutuambia kama kifua kikuu kimekuwa sugu kwa dawa ni mali ya taasisi moja ya utafiti ya ng'ambo. Chumba, umeme na mafundi ni vya chuo kikuu. Makubaliano yao yalikuwa yanaisha Ijumaa, na yakiisha, maabara isingepokea sampuli hata moja. Pikipiki ya sampuli hupita kwetu Jumatatu. Nami nilikuwa na mgonjwa, mama mmoja fundi cherehani, mwezi wa tatu anameza dawa na bado anakohoa hadi anashika ukuta.

Jumanne wifi alirudi kazini akakaa jikoni hajavua hata viatu. Faili la mkataba mpya lilikuwa limekwenda chuoni mara tatu na kwenye taasisi mara tatu, likarudi bila saini. Kila upande uliusifu mkataba, kisha ukasema wenzetu waanze. Mwishowe karani wa Profesa, mtia saini wa chuo, alimnong'oneza kwamba kwenye ofisi zile mkubwa hutia saini mwisho. Na pale kila mmoja alijiona ndiye mkubwa.

Nilicheka hadi nikaweka kisu chini. Kisha nikamweleza habari za yule fundi cherehani, na kicheko chenyewe kikaniishia. Wifi aliinamisha kichwa, machozi yakamlenga.

"Nimebania karatasi nne tu, wifi," alisema, "na mtu anakohoa."

"Basi chapa nyingine," nilimjibu, nimeshaudhika.

Alinitazama kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

Alhamisi saa nne aliwakalisha wakubwa wote wawili kwenye ukumbi mdogo wa chuo, na nakala mbili mezani. Katika moja mstari wa saini ya chuo ulikuwa chini, katika nyingine ulikuwa chini mstari wa taasisi. Profesa alipowekewa ile yenye jina lake juu, kalamu ilibaki hewani.

"Hiyo ni ya wenzako, Profesa," wifi alimwambia. "Utakayoondoka nayo, wewe ndiye wa mwisho."

Mwakilishi wa taasisi naye aliambiwa hivyo hivyo, na kwa wote wawili ilikuwa kweli. Wakasaini kwa pamoja, wakabadilishana, wakasaini tena. Biskuti hazikuguswa.

Jumatatu pikipiki ilichukua sampuli ya fundi cherehani wangu. Siku tatu baadaye jibu likaja: sugu. Halikuwa jibu zuri, lakini siku hiyo hiyo tulimbadilishia dawa. Alipomaliza mwezi wa tatu wa dawa mpya alikuwa amenenepa mashavu na amerudi kwenye cherehani yake. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Katikati ya hayo wifi alinituma sokoni, vitunguu na sabuni. Kwenye foleni niligeuza orodha yake nikakuta ukurasa wa mwisho wa ile nakala ya kwanza, mistari miwili ya saini ikiwa mitupu. Niliitia kwenye mfuko wa sare, na sikuitoa tena. Siku hizi nikimtania wifi namtania kwa adabu.

Juzi mfuko huo ulichanika, nikampelekea fundi cherehani wangu. Aliichomoa ile karatasi, akaisoma, akaniuliza kama aitupe, maana ni orodha ya vitunguu tu.

Nilimwambia hapana, airudishe ndani, kisha aushone vizuri.