Mizani ya Adui na Jiwe la Mama Kulwa

Naona haya kulisema hili, lakini kwa kuwa Bariadi nzima wameshalisimulia bila ruhusa yangu, tena na chumvi juu, bora mlisikie kwangu.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika kwetu Mwamapalala (zamani tuliuzia ushirika tu), alikuja mmoja mwenye miwani nyeusi na jino la dhahabu, tukamwita Adui, kama yule anayesumbuana na steringi wa sinema kwenye kibanda cha video. Ajabu, akawa anakunywa chai kila jioni na Mwalimu Masanja, aliyetufundisha fizikia sekondari (maabara hatukuwa nayo, hata mizani tuliijua ubaoni). Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye kigoda, nikakaa nikawaza nikapata jibu: urafiki gani huu, wanapanga kuichezea mizani. Nikaamua kujihami, nikatumbukiza jiwe la kusagia karanga katikati ya gunia langu. Jiwe dogo tu.

Siku ya kupima, mshale ukasimama chini ya nilipotarajia. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapaza sauti: "Mizani imechezewa, na fundi wake ni Mwalimu."

Watu wakaacha foleni wakamzunguka Adui, fimbo mkononi. Akavua miwani, kumbe ana macho mabovu tu, maskini.

Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyeingojea siku hiyo miaka yote. "Rahisi. Tunaligawa gunia, tunapima kila nusu, tunajumlisha. Mizani ya uongo itaumbuka."

"Hakuna haja, Mwalimu," nikasema. "Nimeshamsamehe."

"Mimi sijakusamehe. Fungua, bhabha," akasema kwa Kisukuma chetu, kama anaita baba yake.

Wakamwaga. Jiwe likabingirika mpaka miguuni pa mke wangu, aliyekuwa foleni na wenzake. Akaliokota, akalifuta kwa kanga.

"Baba Kulwa, jiwe langu hili nalitafuta tangu juzi. Nimemnunia jirani yetu Mama Ngolo bure, nikidhani kalichukua yeye."

Fimbo zikashuka, vicheko vikapanda. Adui akaipima pamba yangu upya nusu kwa nusu, hesabu ikakubali ukitoa uzito wa jiwe, halafu akanimiminia chai, nikainywa katikati yake na Mwalimu huku nimeinama.

Nimeapa kutomshuku tena mtu kwa miwani yake. Siku hizi pamba hupeleka Mama Kulwa, mimi nalinda nyumba yote, isipokuwa jiwe. Jiwe, yeye huliacha kwa Mama Ngolo.