Salamu za Baraka kwenye Makanisa ya Mawe

Kwetu Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa, mtu haingii kanisa la ugenini akatoka kimya kama aliyekuja kuazima kiti. Matangazo yakifika, mukatekista husema, "Bageni basimame," nawe unasimama, unaeleza umetoka wapi, unatoa salamu za Wakristo wa kwenu, watu wanapiga makofi, na ukiondoka unabebeshwa salamu zao uzifikishe nyumbani. Nimesikia salamu za Mboko mara nyingi hata ningeweza kuzitoa mwenyewe bila kukanyaga huko. Nimemsikia pia jirani yetu mmoja aliyekwenda Misisi kutafuta dhahabu, ambaye nina hakika mlango wa kanisa hakuuona hata kwa mbali, akisimama na shati jipya na kututangazia kwamba Wakristo wa Misisi wanatusalimia sana. Tulimpigia makofi. Salamu ni salamu.

Kwa hiyo dada yangu mdogo, anayeishi Ulaya na kufanya kazi ya kuosha wazee katika nyumba ya wazee, aliponialika nikamtembelee, mama hakuniuliza habari za ndege wala za baridi. Ubalozi ulikuwa umenihoji vya kutosha kama kweli nitarudi kwetu, kana kwamba kila mtu akiona lifti anasahau mama yake. Mama aliniita uani, akaniketisha.

"Padri mwenye alinibatiza alikuwa wa kule," alisema.

"Mama, ni inchi ile, lakini sijue kama ni muji ile."

"Ni muji ile." Alikuwa ameshaamua. "Alikuwa anaenda congé, kupumzika kwabo. Akirudia, anasimama mbele yetu, anasema, bakristu ba kwetu banabasalimia. Kila mara. Shiye tunapiga makofi tu, hatujabarudishia hata siku moja. Leo we utabarudishia. Usimame kati ya kanisa, useme bamama ba Baraka banabasalimia. Halafu ulete jibu yabo. Usinirudilie mikono mitupu."

Niliahidi. Nilidhani ni kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kunituma. Mji wenyewe, dada yangu alikuwa ameniambia kwenye simu, una makanisa mengi kuliko maduka ya unga.

Hilo lilikuwa kweli. Makanisa yapo, ya mawe, marefu, meusi kwa uzee, na kila moja lina umri wa kumtisha mtu. Asubuhi ya kwanza dada yangu alinipeleka kwenye lile kubwa kuliko yote. Mlangoni palikuwa na foleni, nikafurahi, nikasema kumbe watu wanasali hata siku za kazi. Tulipofika mbele, kijana aliyevaa sare aliniuliza kama nimekuja kutazama au kuomba.

"Vyote viwili," nilimjibu kwa Kifaransa changu cha shule.

Akanieleza kwa upole kwamba wanaotazama wanakata tiketi, na wanaoomba wanazunguka, kuna mlango mdogo upande wa kushoto, ni bure. Nilichungulia. Palikuwa na viti vichache, mshumaa, na kamba nene ya kuzuia waombaji wasiingie kwenye kanisa. Mungu wamemweka chumba cha nyuma, kama vile familia inavyomficha mjomba mlevi siku ya harusi. Nilimwambia dada yangu akate tiketi, kwa maana mama hakunituma kusalimia chumba cha nyuma.

Ndani kulikuwa na umati, wote wamepindua shingo kutazama dari. Tulipewa vidude vya kuweka masikioni, sauti ya mwanamke ikatueleza habari za nguzo, nani alizichonga, nani aligombana na nani, zilianguka lini na kusimamishwa tena lini. Nilingoja afike kwa Yesu, lakini mwanamke yule alikuwa na haraka ya kufika kwenye vioo vya madirisha. Chini ya miguu yetu wamelala maaskofu, majina yao yamechongwa sakafuni, na watu wanapita juu yao wakila peremende. Kwetu ukikanyaga kaburi la mzee wa watu hivyo, unarudi nyumbani bila meno.

Nilimtafuta mwenye kanisa. Nilimpata mwanamama nyuma ya meza, anauza picha za kanisa lenyewe. Nikasimama wima, nikamwambia nimeleta salamu za Wakristo wa Baraka. Akaniuliza kama sisi ni kikundi, maana vikundi hujiandikisha mapema.

"Yaya, twende," dada yangu alisema, maana kwetu mkubwa wako humwita yaya.

Tulitembea siku nzima. Makanisa mengine yalikuwa yamefungwa, mlangoni pamebandikwa karatasi ya kusema yatafunguliwa kwa ajili ya tamasha la muziki. Lingine lilikuwa wazi, tena limejaa, tena watu wanacheka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Niliingia, nikachovya kidole pale nilipotarajia maji ya baraka, nikakuta ni sahani ya karanga. Palepale kwenye altare kijana mwenye ndevu alikuwa anamimina bia.

"Ni bar sasa," dada yangu alisema. "Kanisa balishaiuzaka."

"Na hawa watakatifu juu ya ukuta?"

"Balibaacha. Bateja banabapenda."

Tulikunywa. Sitasema uongo, bia ilikuwa nzuri, na kiti kilikuwa benchi ya kanisa kabisa, yenye ubao wa kupigia magoti ambao mimi niliutumia kupumzishia viatu. Hata hivyo nilikasirika. Nilikumbuka wazazi wetu walivyobeba mawe kichwani kutoka mtoni ili padri yule apate kanisa, wanawake wenye mimba wakiwemo, huku wakiambiwa kwamba kule kwao nyumba ya Mungu haichezewi. Na palepale nikaanza kumshuku padri yule, marehemu sasa. Zile salamu za kila likizo, alizitoa wapi? Labda hata yeye alirudi akakuta watu wanatazama dari, akaona haya kutuambia, akatutungia.

Jumapili dada yangu alinitafutia misa. Kanisa lingetosha Baraka nzima na mbuzi wake, lakini waliomo walikuwa wazee wachache wenye makoti, kila mmoja na benchi yake, wameketi mbali mbali kama watu waliogombania shamba. Padri alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa Afrika ya magharibi, na aliisoma misa mbio kwa sababu alikuwa na makanisa mengine yaliyomngoja. Komunyo ikaisha. Nikangoja wageni waambiwe wasimame. Padri akachukua pumzi ya kutoa baraka za mwisho, nikaona mama ataniua.

Nikasimama.

"Yaya, ikala. Unanipatisha haya," dada yangu alinong'ona, huku akinivuta koti.

Nilisema kwa sauti ya kwetu, ile ya kufika hadi nyuma, kwamba natoka Baraka, kando ya ziwa, Kongo, na kwamba mama zetu wa Baraka wanawasalimia wote. Sauti ilizunguka kwenye yale mawe ikanirudia mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana mmoja aliyekuwa karibu alitoa pochi yake, akaishika mkononi, akingoja nitaje shida yangu. Padri alinitazama kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha utotoni, kisha akatazama saa, akatubariki.

Nje, bibi mmoja alinifuata kwa fimbo yake, polepole. Aliniomba nirudie, sikio lake moja halifanyi kazi.

"Nani ananisalimia?" aliuliza.

"Mama yangu."

"Ananijua?"

"Hapana."

Alifikiri. "Basi mwambie zimenifika. Mwambie nami namsalimia. Mwambie nakaa peke yangu, ghorofa ya tatu, na lifti imeharibika tangu kiangazi."

Alinishika mkono, na hakuuachia upesi. Ilibidi dada yangu aseme kwamba basi linakuja.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Baraka, mukatekista aliniita mbele. Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaeleza habari za tiketi, kanisa likacheka. Niliwaeleza habari za chumba cha nyuma na kamba, wakacheka zaidi. Nilipofika kwenye bar, wanaume wa upande wa kulia walitaka kujua kama bia ya kule inauzwa baridi, na wimbo wa kwaya ulichelewa kwa sababu wanakwaya walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mwishoni nilisema kwamba mama mmoja wa kule, mzee, anayekaa peke yake juu ya ghorofa, anamsalimia mama yangu na mama wote wa Baraka. Wakapiga makofi hata mabati yakalia.

Mama hakupiga. Alisimama kwenye benchi ya mbele, kitambaa kichwani, mikono tumboni.

"Na ule mama," aliniuliza, "akikufa, ni banani batamuzika?"

Dada yangu alikuwa amenieleza mambo hayo, yeye anayafanyia kazi. Nikajibu nilivyoambiwa.

"Mama, kule kuko bureau ya serikali ya kuzika batu benye habana batu."

Kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Huo waliuona ndio utani mkali kuliko wote niliouleta, bwana mmoja akapiga benchi kwa kiganja akiomba niurudie. Nilinyoosha mkono niwaambie kwamba hapo sikuwa natania. Kisha nikamwona mama, bado amesimama katikati ya kicheko kile, ananitazama, na nikajua kwamba yeye amenisikia vizuri.