Kofia ya Birika

Ofisini walimwita Taratibu, na hata mgeni hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa msimamizi wa masjala, chumba cha majalada kilicho mwisho wa korido, na aliyetaka jalada ilimbidi kwanza amngoje avae miwani, aivue aifute, kisha aivae tena aone kama imetakata. Hakuwa mvivu. Ni vile tu yeye na haraka hawakuwahi kujuana.

Mara moja tu maishani alifanya haraka. Taa ya sebuleni iliungua, mkewe akamwambia asubiri amalize kuanua nguo aje amshikie stuli, naye kwa sababu anazozijua mwenyewe akapanda peke yake. Stuli ikaenda huku, yeye akaenda kule. Akatoka hospitali na mguu uliotiwa plasta, na taa mpya mkononi, maana hakuiachia hata alipokuwa anaanguka.

Mkewe alikuwa muuguzi na zamu hazimsubiri mtu, kwa hiyo mama mkwe wa Taratibu akaja kusaidia nyumba. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Taratibu, aliyekuwa hasemi maneno kumi kwa siku, akiwa kochini na mguu juu ya mto aligeuka mshauri wa kila jambo. Vitunguu vinakatwa vinene mno. Ufagio unashikwa chini mno. Mlango wa jikoni ungefunguliwa hivi, moshi ungetoka vile. Mama mkwe alimvumilia kwa heshima zote anazostahili mkwe, mpaka siku alipomweleza namna ya kuchemsha maji. Akaenda chumbani, akarudi na donge la uzi mwekundu na sindano yenye kulabu.

"Shika hii, mwanangu."

"Ya nini, mama?"

"Ya kukupumzisha."

"Lakini mguu umeshapumzika."

"Sijasema mguu, baba."

Akamfundisha kufuma. Vidole vya Taratibu vilikuwa vizito kama ndizi mbichi, na kazi yake ya kwanza iliyokusudiwa kuwa kitambaa cha meza ilianza kujikunja pembeni, ikapanda, ikapanda, ikawa bakuli. Ya pili nayo ikawa bakuli. Akajaribu soksi, akapata kitu kirefu ambacho binti yake alikivaa mkono mzima hadi begani akacheka mpaka akakaa chini. Lakini yeye mwenyewe hakujali. Kulikuwa na ule wakati kitanzi kinapopita ndani ya kitanzi na mstari unafunga, kitu ambacho hakikuwepo asubuhi sasa kipo, na amekifanya yeye. Alikuwa akikiinua dirishani kwenye mwanga, anakigeuza, anakitazama kama mtu aliyeletewa mtoto wake wa kwanza. Ushauri wa jikoni ukakoma. Nyumba ikapumua.

Mama mkwe, kwa kumpa moyo, akamwagiza kofia ya birika. Chai yake ilikuwa inapoa kwa sababu hunywa huku anasimulia, na anasimulia kuliko anavyokunywa. Taratibu akapima birika kwa kamba, akaliangalia kila upande, akaacha tundu moja la mdomo na jingine la mkono. Alikuwa amefika karibu na mwisho plasta ilipotolewa, akarudi kazini na kofia hiyo ndani ya mkoba.

Hakuwa na nia mbaya. Ila Mkurugenzi wa ofisi ile alikuwa mtu wa mikutano. Kulikuwa na mkutano wa Jumatatu wa kupanga wiki, na mkutano wa Ijumaa wa kujiuliza wiki ilikwenda wapi. Katikati palikuwa na vikao vya kuandaa mikutano. Wakuu wote wa idara na wasimamizi walipaswa kuhudhuria na kutikisa vichwa, na Taratibu aligundua kwamba kutikisa kichwa hakuhitaji mikono. Akawa anafuma chini ya meza. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mama mmoja mcheshi aliyeketi jirani yake, alimwona siku ya kwanza. Akamsogelea kidogo, si kumkataza, bali kumkinga asionekane.

Siku ya balaa, Mkurugenzi alikuwa akizungumzia nidhamu kazini. Alipenda kuzungumza huku akitembea, mikono nyuma, akiizunguka meza kama anakagua gwaride. Donge la uzi likaponyoka mapajani mwa Taratibu, likabingirika chini ya meza, likatokea upande wa pili. Mkurugenzi akapita. Uzi ukanasa kwenye kiatu chake, naye akaendelea na safari. Akazunguka mara ya kwanza akieleza uchelewaji. Akazunguka tena akieleza uzembe. Kila alipopita, uzi ulipita naye kwenye miguu ya viti na miguu ya watu, na wakuu wa idara, walioanza kuhisi kitu kinawakaza, waliona ni heri kukazwa kuliko kumkatiza bosi. Taratibu alijiona anakufa akiwa hai. Sindano ilikuwa inarukaruka mkononi mwake kama samaki.

"Kuna mwenye swali?" Mkurugenzi akamaliza.

Mhasibu, ambaye daima alikuwa wa kwanza kusimama kutoa shukrani, akasimama kutoa shukrani. Hakufika mbali. Alitaka kushika meza asianguke, mkono ukadaka trei ya vikombe, akateremka nayo. Chai ikamwagikia mkuu wa usafiri, aliyeruka na kiti chake, kiti kikavuta cha jirani, na kwa muda ukumbi mzima ukawa unajaribu kusimama na unakataliwa. Mkurugenzi peke yake alibaki wima. Akainama, akaushika uzi mwekundu kwenye kiatu chake, akaanza kuufuata polepole, mguu kwa mguu, kiti kwa kiti, hadi mapajani mwa msimamizi wa masjala.

Akanyoosha kidole.

"Hiki ni nini?"

"Kofia, mkuu."

"Ya nani?"

Taratibu alimtazama Mkurugenzi. Juu ya ile sura iliyokasirika kulikuwa na kipara kilichong'aa, na juu ya kipara kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kama kimelipwa. Hakupanga kusema aliyosema. Yalitoka yenyewe, tena kwa haraka.

"Yako, mkuu. Nilikuwa nakufumia. Tuliona unapigwa na baridi."

Mkurugenzi akajipapasa kipara. Inaonekana katika miaka yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kuwaza kuhusu kichwa chake kwa upande wa nje. Akaichukua ile kofia, akakata uzi kwa meno, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Tundu la mdomo wa birika likatoa sikio la kushoto, tundu la mkono likatoa la kulia, na lile la kulia lilichomoza zaidi kwa sababu mkono wa birika ni mpana.

"Umeacha nafasi ya masikio," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ili kiongozi awasikie watu wake."

"Ndiyo hivyo, mkuu," alisema Taratibu.

Mhasibu, akiwa bado sakafuni, akaanza kupiga makofi.

Jioni ile mama mkwe aliulizia kofia yake.

"Iko kazini, mama."

"Inafanya nini kazini?"

"Imevaliwa na Mkurugenzi."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Alitaka kuuliza zaidi, lakini kicheko kilimwahi, na kila alipojaribu kukizuia alipata picha ya masikio yakichomoza kwenye matundu ya birika, akaanza upya. Mkewe akaja mbio kutoka chumbani akidhani kuna aliyepaliwa.

Wiki haikuisha kabla mhasibu hajafika masjala. Na yeye alitaka kofia, tena yenye masikio nje. Akafuata mkuu wa usafiri. Akafuata mkuu wa utumishi, aliyeomba matundu yake yawe makubwa kidogo ili ionekane anasikia zaidi. Ikafika mahali ukiingia ofisi ile ukamkuta mtu amefunika masikio, ujue hana mpango wa kupandishwa cheo. Kisha Mkurugenzi akafanya jambo ambalo Taratibu hakulitarajia: akaanzisha Kitengo cha Ubunifu, akamweka yeye kuwa mkuu wake. Kitengo kikapewa malengo. Malengo yakahitaji kikao. Taratibu akawa anakaa vikao vya asubuhi mpaka alasiri kuzungumzia kufuma, na kwa kuwa sasa kufuma ni jambo rasmi, ikapigwa marufuku kufuma mtu akiwa kikaoni.

Nyumbani sindano ikalala kabatini. Akiishika, anaona malengo. Ulimi nao ukaamka.

"Sufuria hiyo," alianza siku moja, "ungeigeuza mkono upande wa ukutani..."

Mkewe na mama mkwe wakatazamana.

Kilichomwokoa ni uhamisho, si wake, bali wa Mkurugenzi. Aliagwa kwa hotuba, akapiga picha na wakuu wote wa idara, masikio nje. Aliyekuja baada yake alikuwa mwanamke mkavu asiyependa kelele wala kusimama muda mrefu. Siku ya kwanza alimtazama mhasibu, akamuuliza kwa upole kama anaumwa kichwa. Mhasibu akaivua kofia papo hapo, akasema hata yeye alikuwa anajiuliza ni ya nani. Kufikia saa za chai hapakuwa na kichwa kilichofunikwa jengo zima. Kitengo cha Ubunifu kikafa bila kikao. Kofia zote zikakusanywa kwenye boksi na, kwa kuwa hakuna aliyejua vitu vya namna hiyo vinapelekwa wapi, zikapelekwa masjala.

Taratibu akalitazama lile boksi kwa siku nzima. Kesho yake akafunga mlango, akavaa miwani, akaivua akaifuta, akatoa kofia ya kwanza na kuanza kuifumua. Uzi ulitoka vizuri, kwa sauti ndogo kama mvua ya mbali. Katibu muhtasi alipokuja kutafuta jalada alimkuta hivyo, akasahau jalada, akavuta kiti na kuanza kuviringisha madonge.

"Utafuma nini sasa?" aliuliza.

"Sijui bado," alisema Taratibu, na akaona jinsi jibu hilo lilivyokuwa tamu mdomoni.

Walikuwa wamefika katikati ya boksi mlango ulipogongwa. Mhasibu akaingiza kichwa, akaangalia korido nyuma yake, akaingia na kuurudishia. Kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kimetengenezwa upya.

"Ile yangu," alinong'ona. "Yenye mstari wa kijani. Msiniambie mmeshaifumua."

Taratibu akapekua, akaipata karibu na chini, akampa. Mhasibu akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akatoka akitembea kama mtu asiye na kitu. Katibu muhtasi alijitahidi kujizuia mpaka nyayo zilipopotea, akashindwa, akaangua kicheko hadi donge likamtoka mkononi. Taratibu naye akacheka, kisha akaichukua kofia nyingine.