Jogoo wa Shukrani

Mume wangu alirudi kutoka hospitali huko Makambako miguu imenywea, amevaa viatu vyake mwenyewe. Kwa wiki nyingi miguu ile ilikuwa imevimba hata ndala zilikuwa hazimwingii. Alisimama mlangoni akaangalia ukungu ulivyolala juu ya shamba letu la viazi, akasema Jumapili tupeleke shukrani. Nilimwambia tungoje kwanza, maana daktari alitaka arudi kupimwa tena.

"Mama watoto, Mungu hasubirishwi," akasema. "Mchukue yule jogoo mwekundu."

Kwetu Njombe shukrani ya kuku au mazao haiishii madhabahuni. Ibada ikiisha hunadiwa nje ya kanisa, na mara nyingi aliyenunua humrudishia mwenyewe kwa upendo. Jogoo wetu alinunuliwa na mzee mmoja wa kanisa, akamkabidhi mume wangu mbele ya watu. Tukaimba. Mume wangu alicheza kidogo kwa miguu yake ile, na mimi nikaamini kabisa.

Kabla mahindi hayajakauka shambani alikuwa amevimba tena, safari hii mpaka tumbo. Wanajumuiya walikuja alfajiri, wakaomba, wakafunga. Mimi niliomba nikipika, nikipalilia, nikimshikia beseni chini ya kidevu. Mbinguni kulikuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Alifia Makambako, mimi nimetoka kumtafutia uji. Siku ile nilimchukia Mungu, nasema wazi.

Baada ya matanga mwinjilisti wetu alinikumbusha kwa upole kwamba familia hutoa shukrani ya kumaliza msiba. Nikamuuliza nashukuru nini.

"Sijui, mama," akasema. "Lakini ndivyo tunavyofanya."

Walau yeye hakunidanganya. Basi nikambeba jogoo yule yule. Wafiwa wengine hupeleka viazi au maharage, lakini mimi nilikuwa na neno na Mungu. Nilipomweka mbele ya madhabahu nilisema moyoni: huyu ni wako, ulishapewa mara moja. Mchukue, nijue angalau ulisikia.

Kwenye mnada mzee yule yule alipandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Nikamwona anakuja kwangu, jogoo kwapani, uso umejaa huruma.

"Pokea, mama. Hatuwezi kumchukua kwa mjane."

Watu wakapiga makofi. Nililia, wakadhani nimefarijika, wakaongeza wimbo.

Nilirudi naye nyumbani kwenye baridi. Yupo mpaka leo, simchinji wala simuuzi. Akiwika naamka, napiga magoti kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala mume wangu, kwa kuwa magoti yamezoea. Maneno hayaji. Nakaa hapo mpaka kunapambazuka, kisha natoka kumpa mahindi jogoo ambaye Mungu amemkataa mara mbili.