Presha ya Mtaa Mzima

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika zamani. Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna mgeni aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, kabla hajakufunga shuka shingoni, ameshakupa matokeo ya mpira, bei ya sukari, jirani aliyehama bila kuaga, na fundi bomba aliyeoa mke wa pili huku wa kwanza hana habari. Kama huna la kujibu, atakuchokonoa mpaka ulipate. Redio hakuwa na subira na mteja bubu. Alikuwa na sheria yake ya kazi: "Mteja akinyamaza, atasikia wembe."

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati upande wa chini wa daraja, kwenye mitaa ile ambayo maji ya mvua yanaijua vizuri lakini gari la wagonjwa haliijui kabisa. Kioo kimoja chenye ufa, benchi la wanaosubiri, redio ya betri isiyozimwa, na harufu ya spiriti. Nje ya mlango, chini ya kipande cha turubai, alikaa kaka yake, fundi viatu. Walifanana sura, basi. Mengine yote mmoja alikuwa mdomo, mwingine mikono. Fundi ndiye aliyemlea Redio baada ya wazazi kufariki. Viatu vya kwanza vya shule alimshonea mwenyewe kwa mabaki ya ngozi, kimoja cheusi, kingine kahawia, na Redio akavivaa kwa maringo mpaka watoto wengine wakaenda kwa mama zao kulilia viatu vya rangi mbili.

Sasa tangu mvua zilizopita Fundi alikuwa na tabia mpya. Katikati ya kazi anaweka nyundo chini, anashika kisogo, anafumba macho.

"Kaka, kichwa?"

"Jua."

Hata siku ya mawingu jibu lilikuwa jua. Na usimtajie hospitali. Mkewe alivushwa daraja kwa mkokoteni, kwa sababu hakikupatikana kingine, akafika amechelewa, akarudi amefunikwa. Tangu siku hiyo Fundi hakuvuka lile daraja. Ukilitaja, anapigilia msumari kwa nguvu mpaka kisigino cha kiatu cha mteja kinapasuka. Redio alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba siku moja nyundo itawekwa chini na haitainuliwa tena.

Basi, shirika likaingia mtaani. Nisiwasingizie, walikuwa watu wema, ingawa jamani, kwa mikutano hawakuwa na mpinzani. Walishafungua chumba cha watoto kusomea jioni, wakaleta mafunzo ya cherehani, wakasaidia vijana kuzibua mifereji. Sasa wakaitisha mkutano wa afya. Mratibu wao, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akisema neno zito, akaeleza kwamba watu wa upande huu wa daraja wanakufa mapema kuliko wa upande wa pili, na wengi wanauawa na presha ambayo hawajui kama wanayo.

Redio alisimama. "Samahani, mama. Jua ni lile lile, upepo ule ule, hata timu tunashabikia ile ile. Kwa nini sisi?"

Mratibu akaanza kumjibu, kwamba usawa si kumpa kila mtu kitu kile kile, ni kumfikia kila mtu pale alipo. Redio akamkata na swali la pili, kisha la tatu, mpaka kaka yake akamvuta shati. "Kila mguu na kipimo chake, ndicho anachosema. Kaa, watu wasikie."

Mpango wao ulikuwa hivi: wanaume wa mtaa huu hawaendi kliniki, lakini kwa kinyozi wanakwenda. Kwa hiyo vinyozi wafundishwe kupima presha, na atakayekutwa iko juu aelekezwe ng'ambo ya daraja. Kinyozi wa kwanza kuchaguliwa alikuwa nani? Redio, bila shaka. Akahudhuria semina, akaongea semina nzima, akarudi na mashine mpya kwenye begi la bluu na kifua mbele.

Mteja wa kwanza kupimwa alikuwa muuza mkaa. Juu. Akafuata fundi bomba. Juu. Akaja golikipa wa timu ya mtaa, kijana mwenye misuli hadi masikioni, anayekimbia kila alfajiri. Juu! Redio akamkokota kaka yake kwa mkono, akamkalisha, huku akimsimulia kisa cha golikipa. Juu. Labda juu kidogo kuliko wenzake, lakini wenzake nao wako juu, sasa utasemaje?

Redio akachanganyikiwa. Mchana ananyoa, macho kwenye mashine. Je, mtaa mzima unakufa? Aliwatuma watu kliniki mmoja mmoja, wakavuka daraja, wakakaa benchini tangu asubuhi, na jioni wakarudi wamefura. Wote waliambiwa ni wazima.

"Umenifanya nikose mazoezi," golikipa alifoka. "Nesi kanicheka! Kaniuliza nani kanituma. Nikamwambia kinyozi."

Sasa nani anadanganya? Mashine ni mpya, ilitoka kwenye karatasi yake ya nailoni mbele ya macho yake. Kliniki wana mashine yao na wamesoma. Watu wanakula, wanacheka, wanagombana, na namba ziko juu. Jioni nyumbani akajipima mwenyewe huku akimsimulia mkewe mkasa wote, kwa mikono na miguu. Akatazama kioo cha mashine. Juu.

"Mama watoto, nakufa."

"Kula kwanza," mkewe akasema, akasogeza sahani.

Alikula bila chumvi. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini huyu hata kuaga alishaanza. Aliwatazama wanawe kwa huruma mpaka binti mkubwa akauliza baba ana nini.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa nje ya mlango wa saluni. Siku moja Fundi alishika kisogo muda mrefu kuliko kawaida, na Redio akatoka mbio, mashine ya kunyolea ingali inanguruma mkononi.

"Kaka, nakuomba. Nenda kliniki. Namba yako iko juu."

"Na ya muuza mkaa?"

"Juu."

"Na yako?"

Redio akaizima mashine ya kunyolea. "Juu."

"Wote juu, basi hakuna aliye juu." Fundi akachukua msumari kutoka midomoni. "Sikiliza, mdogo wangu. Siku mashine yako ikisema katika mtaa huu yuko hata mtu mmoja mzima, nitaiamini ikisema mimi mgonjwa. Siku hiyo nitakwenda mwenyewe."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Redio akaropoka, kisha akatamani aling'ate lile neno lirudi. Fundi akainamia kiatu. Alipigilia msumari wake taratibu, na Redio akarudi ndani machozi yakimlenga.

Wiki iliyofuata shirika likamtuma nesi, mmoja wa waliofundisha semina, maana kliniki walishaanza kunung'unika. Dada mwenyewe alikuwa mchangamfu, viatu vyake vimeliwa visigino, na Fundi alivitazama tangu alipotokea kona. Akakaa kwenye kiti cha kunyolea.

"Nipime kama unavyowapima wateja wako. Usibadilishe kitu."

Redio akamfunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa gauni. Mkono ukaning'inia. Redio ya betri ilikuwa ikitangaza mpira, penalti imekataliwa, na benchi zima limesimama linamtukana mwamuzi. "Hivi dada," Redio akaanza, kwa mazoea tu, "nyinyi manesi na hizo zamu zenu za usiku, mume nyumbani anapikiwa na nani?"

"Anapikiwa? Yeye hana mikono?" Nesi akageuka kwenye kiti. "Nyinyi wanaume, nyinyi!"

"Mimi nimeuliza tu!"

Mashine ikalia. Nesi akatazama namba, akatazama mkanda, akatazama benchi. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa shuka ya kunyolea.

"Kaka, mimi presha yangu haijafika hapa tangu nizaliwe. Mashine yako nzima kabisa. Unatupandisha wewe."

"Mimi?"

"Mtu anatakiwa akae kimya, mkono juu ya meza, atulie kama dakika tano, asiongeleshwe. Tulifundisha siku ya kwanza."

"Mbona sikusikia?"

"Ulikuwa unatusimulia kisa cha mbuzi aliyeingia darasani."

Benchi likaangua kicheko. Mdomo uliponza kichwa, mmoja akasema, na safari hii umeponza vichwa vya wenzake. Redio alicheka nao, lakini ndani alikuwa amevurugika. Maisha yake yote watu walimpenda kwa sababu ya mdomo. Wangemtaka akinyamaza? Na akinyamaza, atakuwa nani? Na aliona aibu kumuuliza mtu.

Kesho yake alizima redio. Muuza mkaa akaingia, akasimama mlangoni, akavua kofia.

"Nani kafa?"

Redio akaweka kidole midomoni, akamwonyesha kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Muda si muda watu wamejaa nje wanaulizana msiba uko wapi, na mama wa duka la jirani alishajifunga mtandio, anakuja kutoa pole. Ndani, Redio ameuma midomo, jasho linamtoka, anatazama mkono wa muuza mkaa uliolala juu ya meza. Mashine ikalia.

Namba nzuri. Nzuri kabisa!

Akapima golikipa. Mzima. Akapima fundi bomba, mzima, pamoja na wake zake wawili. Redio alitaka kupiga kelele, akajizuia, akarukaruka kimyakimya na mashine kifuani, na watu wakaona sasa kweli amerukwa na akili. Kisha akamkalisha tena golikipa, amnyoe kwa furaha. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa alipogundua kwamba hasikii nyundo.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, aproni ya ngozi bado kiunoni.

"Nimesikia wako wazima," alisema. "Ahadi ni deni."

Golikipa akapisha. Fundi akakaa, akalaza mkono wake mezani, ule mkono mzito wenye gundi kwenye kucha. Redio akamfunga mkanda. Wakasubiri. Hawakuwahi kukaa kimya pamoja, hata utotoni, hata kwenye matanga ya wazazi, kwa sababu mmoja wao alikuwa akiongea siku zote. Sasa Redio alisikia jinsi kaka yake anavyohema, kwa kujivuta. Aliona mvi ambazo amezinyoa miaka yote na hakuwahi kuzitazama. Kaka amezeeka. Lini?

Mashine ikalia.

Redio akaitazama, akaifuta kwa kidole gumba, akaitazama tena. Labda mkanda umelegea. Akaufunga upya, wakasubiri upya. Namba ikarudi ile ile, juu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti, hata siku za kelele. Wiki zote zile aliomba mashine iseme kweli ili kaka yake aiamini. Leo imesema kweli, na yeye anaiomba idanganye. Alijishangaa.

"Sema," Fundi akasema.

Redio akagusa mkanda, kana kwamba ataufunga mara ya tatu.

"Wewe Redio. Sema."

Hakuna kilichotoka. Mlangoni muuza mkaa akanong'ona kwamba kimya kingi kina mshindo, na hakuna aliyecheka. Fundi alimtazama mdogo wake, kisha akaufungua mkanda mwenyewe, polepole, kama anavyofungua kamba za kiatu cha mtu.

"Haya. Nimesikia."

Akatoka, akavua aproni, akafunika vifaa vyake kwa turubai. "Twende."

"Na mimi?" golikipa akauliza, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Kaa hivyo hivyo," Redio akamjibu, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Walitembea bega kwa bega, wakapita choo cha kulipia, wakapita chumba cha watoto cha shirika, mpaka mwanzo wa daraja. Hapo Fundi alisimama. Chini maji machafu yalikuwa yakipita kwenye nguzo, na mkokoteni mmoja uliokuwa umebeba saruji ulikuwa ukivuka mbele yao, magurudumu yakigonga kila kiungo cha daraja. Fundi aliusikiliza.

"Mbona huongei?" aliuliza bila kugeuka.

"Nesi kasema usiongeleshwe, kaka."

"Hiyo ni kwenye kiti." Fundi akamshika mdogo wake mkono, kwa nguvu, kama anayeogopa kuteleza. "Hapa ongea. Ukinyamaza nitasikia wembe."

Redio akafuta macho kwa mkono wa shati, akakohoa, akaweka mguu wa kwanza darajani.

"Basi, kaka," akaanza, "mbuzi mwenyewe hakuingia darasani kwa kupenda."