Kuku Mwenye Rozari

Aibu hii ni yangu na sitamsingizia mtu. Nilikuwa nimesoma habari za mwanamke mmoja wa Ulaya, wa karne ya kumi na tisa, aliyejaza vikatuni kwenye barua zake za mapenzi, mara mchumba ana pua kama birika, mara yeye mwenyewe kaanguka kwenye tope, na mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Soweto hapa Moshi (mkono wa kuchora ninao, akili ndiyo huchelewa kidogo), nikasema mchumba wangu Deo, anayefanya kazi mpakani Holili, naye atapata barua ya namna hiyo.

Nikamchora mama yake kama kuku mnene aliyevaa rozari, na Deo kifaranga mwenye masharubu chini ya bawa. Badala ya kusubiri nimpe mkononi, nikaitia barua kwenye mfuko wa shati nililomshonea, shati likapelekwa kwao mlimani aliklichukue akija likizo.

Jumapili nikapanda kuwasalimu, nikakuta wanawake wa jumuiya wamejaa sebuleni na mama mkwe mtarajiwa ameshika shati lile ananisifia, "Tazameni mfuko ulivyokaa," akaingiza vidole, akatoa karatasi, na kwa kuwa hakuwa na miwani akampa katibu wa jumuiya, naye akasoma kwa sauti ya kanisani, "Kifaranga wangu, mama kuku akikuruhusu kutoka, njoo," kisha akampa jirani yake karatasi, ikazunguka mkono kwa mkono, mwanamke mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika.

"Nani kachora?" mama akauliza.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Naomba unisamehe."

Hakuitikia. Deo akanipigia simu akasema nimwache mama kwanza apoe, nikakataa, maana ndoa ilikuwa imebaki miezi miwili na sikutaka kuolewa kwenye nyumba ambayo salamu yangu haipokelewi. Jumamosi tatu nilipanda kumsaidia kuchuma kahawa, yeye mstari ule, mimi huu. (Jinsi mgongo ulivyoniuma, msiniulize.) Jumamosi ya nne akasimama, akanigeukia.

"Na leo hujanichora?"

"Nimeacha, mama."

"Chora. Ila kiuno unipunguzie."

Tangu hapo nimeapa: simchori mtu mpaka akae mbele yangu, na akitaka kiuno kipunguzwe, napunguza.